Vocha ya Gogo na Matuta ya Mchicha

Siku nilipomwomba Gogo, ndivyo Wazulu wanavyomwita bibi, nipande mchicha kwenye shamba lake, alicheka mpaka akashika nguzo ya banda la kuku.

"Imifino?" aliniuliza. "Mtu mzima wewe, unataka kupanda imifino? Kwa mistari? Halafu uimwagilie maji?"

Imifino ni jina la Kizulu la mboga za majani zinazojiotea zenyewe, na mchicha ni mmojawapo. Kwa Gogo mchicha ulikuwa kitu kinachochomoza pembeni mwa mahindi baada ya mvua, mtu akipita anachuma, hasa akiwa hana mboga nyingine nyumbani. Kuupanda ilikuwa sawa na kupanda nyasi. Mimi nimezaliwa Kasulu, na kwetu mchicha una tuta lake, samadi yake na saa yake ya kumwagiliwa. Mama yangu alikuwa akipita kwenye matuta yake alfajiri kabla hajamsalimia mtu yeyote. Nilijaribu kumweleza Gogo hayo kwa Kizulu changu cha kuokoteza, akazidi kucheka, lakini mwisho akaniambia nichukue upande wa nyuma, ule usiolimwa, tuone huyo mwendawazimu atafika wapi.

Sikuwa nimepanga kuwa mkulima Johannesburg. Sikuwa nimepanga kukaa Johannesburg. Tangu nimalize kidato cha nne nimekuwa mtu wa kuondoka. Niliishi Mbeya, nikaishi Lilongwe, nikauza nguo Tete, nikapaka rangi nyumba Harare, na kila mahali palipoanza kunizoea nilisikia miguu ikiwasha. Hapa nilipanga chumba Bellevue, kwenye nyumba ya zamani iliyogawanywa kwa mbao, na nikapata kazi ya ulinzi kwenye ghala moja mbali huko ng'ambo ya Randburg, mahali maofisi na maghorofa yanapokwisha na viwanja vikubwa vya seng'enge vinaanza. Kiwanja cha Gogo kilikuwa jirani na ghala hilo. Aliachiwa na marehemu mumewe. Alifuga kuku wa nyama, akapanda spinachi kidogo, na nusu ya ardhi ilikuwa imelala. Kila nikiwa zamu nilikuwa naiangalia ardhi ile kupitia kwenye waya, na mikono inaniuma.

Kilichonitia nguvu ni akina mama wa Bellevue. Wengi wao ni Wakongo wa upande wa Bukavu na Uvira, na wako Warundi pia. Wanauza vyakula vya nyumbani kwenye meza za barabarani: dagaa, unga wa muhogo, mawese. Walikuwa wanalia kila siku kuhusu lengalenga, ndivyo wanavyoita mchicha. Walikuwa wakiupata mara moja moja, umenyauka, umechumwa kando ya reli na watu wasiojua wanachokichuma. Nikamuuliza mmoja wao, mama mmoja wa Bukavu mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto, nikipanda atanunua?

"Kaka, weye panda tu," alinijibu. "Miye nitakuja kuikata kwa mikono yangu. Siamini mukato wa mwanaume."

Na kweli ndivyo tulivyofanya kazi. Akina mama walikuja wenyewe kila Ijumaa na pikapu ya kukodi. Kila mmoja alikuwa na tuta lake. Alilipia tangu mbegu ikiwa ardhini, na ili asiingiliwe alichomeka mti kwenye kichwa cha tuta na kuufunga kipande cha kitenge chake. Tuta la mama wa Bukavu lilikuwa na kitenge cha njano chenye ndege. La mama wa Bujumbura, mpole, asiyependa ugomvi, lilikuwa na kitambaa cha zambarau. Walikata juu, wakaacha shina lichipue, wakafunga mafungu kwa nyuzi za gunia, na kila fungu likapimwa kwa kiganja cha mwenye tuta. Ukiwa mbali ungedhani shamba limepambwa kwa harusi.

Gogo alipokea sehemu yake na akaacha kucheka. Lakini kuheshimu, hakuheshimu. Wageni wake wa kanisani walipokuja, aliwapitisha upande wa spinachi.

Halafu ikaja korona, na nchi ikafungwa.

Ghala likasimamisha walinzi wa ziada, nami nikiwa mmoja wao. Kule Mayfair nilikokuwa nikienda kuswali Ijumaa milango ilifungwa kwa kufuli. Lakini pigo kubwa lilimwangukia Gogo. Kuku wake walikuwa tayari kuuzwa wiki ileile watu walipoambiwa wasitoke. Wachoma nyama wote waliokuwa wakinunua kwake wamefunga. Kuku wa nyama hawajui kusubiri. Wanakula, wananenepa, miguu inashindwa kubeba kifua, na chakula kinakwisha. Gogo aliuza wachache kwenye uzio kwa bei ya kutupa, wengine akawagawia majirani, wengine wakafa. Banda likabaki na manyoya.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, ndipo alipoanza kuja kila siku. Si mtu mbaya, niseme wazi. Alikuwa dereva wa malori, naye kazi imesimama, ana watoto. Alikuwa amempata mtu anayetafuta mahali pa kuegesha malori. Ardhi imenyooka, iko karibu na barabara kuu, kwa nini ilale?

"Gogo unazeeka," alikuwa akimwambia mbele yangu. "Tumwage kokoto hapa, upumzike. Utakaa kwenye kibaraza unapokea kodi."

"Na nitaangalia nini kwenye hicho kibaraza? Matairi?"

"Angalia televisheni."

Serikali ikatangaza msaada kwa wakulima wadogo walioumizwa na korona. Haukuwa wa fedha mkononi. Ukikubaliwa, unatumiwa vocha kwenye simu, na vocha hiyo unakwenda nayo duka la pembejeo kuchukua mbegu, mbolea, vifaranga, chakula cha kuku. Mimi sikuhusika, ulikuwa wa raia, na sikuona ubaya. Lakini Gogo alikuwa raia, shamba lilikuwa lake, na akajiandikisha. Jioni ile alimwita shemeji na mimi kwenye kibaraza akasema neno moja la kumaliza.

"Nikipata vocha, naendelea. Nisipopata, nakupa funguo za geti umwage kokoto zako. Msinisumbue tena kabla ya hapo."

Alisema hivyo akiwa amekaa wima, mikono juu ya magoti. Nilimfahamu kiasi cha kujua kwamba hataongeza neno. Alikuwa na miaka zaidi ya sabini, na kila kitu alichokifanya katika miaka hiyo kilikuwa ndani ya ule waya.

Wakasema ofisa atakuja kukagua kama shamba linafanya kazi kweli, maana maombi yalikuwa mengi na wajanja hawakukosekana. Tungepigiwa simu. Mimi wakati huo nilikuwa nimekwama Bellevue. Wanajeshi walikuwa barabarani, na karatasi yangu ya ruhusa ya kwenda shambani ilikuwa imekwisha muda. Gogo aliniambia kwa simu nisihangaike, mchicha hautakimbia. Ulikuwa mchicha wa mwisho kabla ya baridi, umestawi kuliko yote niliyowahi kupanda pale, majani mapana kama sahani. Matuta machache ya mwisho nilikuwa nimeyaacha yakomae kwa ajili ya mbegu, yamerefuka hadi kifuani, vichwa vimeinama. Nililala kwa raha. Nilijua ofisa akiingia tu kwenye geti, macho yake yataangukia kijani kile na kazi itakuwa imekwisha.

Karatasi mpya ikatoka Alhamisi. Ijumaa asubuhi mapema nikafika shambani, kabla ya pikapu ya akina mama kufika, nikiwa na kisu changu na nyuzi mfukoni.

Nilidhani nimekosea kiwanja.

Upande wa nyuma ulikuwa mweupe. Yaani mtupu kabisa, ardhi imeparuliwa kwa jembe hadi kwenye waya, imesawazishwa, hata reki imepitishwa. Kwenye kona, karibu na banda, kulikuwa na lundo la kijani lililofika kiunoni. Mizizi yote ilikuwa juani.

Gogo akatoka nje amevaa gauni la kanisani na kitambaa kipya cha kichwa. Uso umemeremeta.

"Umeona mntanami?" akaniambia. Mntanami ni mwanangu, na aliniita hivyo siku za furaha tu. "Ofisa anakuja leo. Jana tulifanya kazi mimi na shemeji mpaka jua likazama. Sasa hata waziri aje, hatuoni aibu."

"Gogo, mchicha uko wapi?"

"Nimeuondoa. Serikali ije ikute imifino shambani kwangu? Waseme huyu mama ameshindwa hata kupalilia?"

Nilikwenda kwenye lundo nikaokota mti mmoja wenye kitambaa cha njano, nikabaki nimeushika. Sikuweza kumkasirikia. Alikuwa amesimama pale kama bibi harusi, akiona usafi tu, wala haoni kitu kilichopotea. Maisha yake yote mkulima hodari ni yule ambaye shambani kwake mmea ule hauonekani. Alifanya kile ambacho mama yangu angefanya kama ningemwambia serikali inakuja na shambani kuna magugu.

Shemeji alikuwa ameegemea ukuta, anafuta jembe.

"Mimi nilisaidia tu," akasema. "Yeye ndiye aliyesema tung'oe."

Mpaka leo sijui kama alijua alichokuwa anakifanya. Siku nyingine nafikiri alijua. Siku nyingine nakumbuka malengelenge kwenye viganja vyake nafikiri hapana.

"Shemeji," nikamwambia, "hili lilikuwa ndilo shamba."

"Hhayi, acha utani. Lile lilikuwa pori lenye vitambaa."

Nikamgeukia Gogo nikamweleza polepole. Ofisa anakuja kuona kinachozalishwa. Kuku hawapo. Spinachi ni vile vitanda viwili, na kuku wa mwisho walivifikia kabla hawajafa. Kilichobaki ndicho hiki kilicholala hapa kwenye lundo. Nilimwona anaelewa. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa tena, akaangalia ile ardhi safi kama mtu anayeangalia meza aliyoifuta na kugundua kuwa sahani zote ameziangusha.

"Funguo za geti ziko kwenye msumari wa jikoni," akamwambia shemeji yake, sauti ndogo.

"Bado, Gogo," nikasema. "Bado hajafika."

Akafika wakati huohuo. Gari jeupe, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, barakoa imempanda mpaka chini ya macho, koti la serikali. Alimsalimia Gogo kwa heshima zote za Kizulu, akainamisha kichwa, akaomba aoneshwe. Tukazunguka. Bandani akasimama akaangalia manyoya. Kwenye spinachi akainama akagusa vishina vilivyodonolewa. Upande wa nyuma akasimama muda mrefu zaidi.

"Hapa mnalima nini, Gogo?"

"Tulikuwa tunalima..." Gogo akaanza, macho kwenye lundo. Nikamalizia mimi.

"Mchicha. Imifino. Tumeung'oa jana."

"Imifino?" Akanitazama, akamtazama Gogo. "Mlikuwa mmeipanda?"

"Yeye ndiye aliyeipanda," Gogo akasema haraka, akininyooshea kidole, kama vile nimekutwa na kitu cha wizi.

Ofisa hakucheka. Aliweka kalamu juu ya ubao wake akasema kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko ukali: "Gogo, mimi siwezi kuandika kilichokuwepo jana. Natakiwa kuandika shamba linalofanya kazi. Hapa naona banda tupu, na kiwanja kizuri sana kilichosafishwa. Mtu mwingine akiona picha hizi atadhani mnajenga."

Shemeji akajikohoza. Gogo akashika mkono wangu.

Honi ikapigwa getini.

Ilikuwa pikapu ya akina mama. Kwa sababu ya sheria za korona walikuwa wanne tu, wamekaa nyuma wameachana, kila mmoja na karatasi yake ya ruhusa ya kuuza chakula imeshonewa kwenye mfuko wa plastiki kifuani. Mama wa Bukavu aliruka chini kabla gari halijasimama, kisu mkononi, akapita katikati yetu akielekea kwenye tuta lake kama alivyozoea. Akatembea hatua kadhaa kwenye ardhi tupu. Akasimama. Akageuka.

"Kaka. Lengalenga iko wapi?"

Nikaonyesha lundo.

"Mungu wangu!" Sauti ilivuka mpaka kwenye ghala. "Nani alifanya hivi? Nani aling'oa chakula na mizizi yake? Ni muchawi?"

"Punguza sauti dada, kuna ofisa wa serikali."

"Akuje aone! Ofisa, kuja uone!" Ofisa hakujua neno hata moja la Kiswahili, lakini mkono wa mama yule haukuhitaji mkalimani. Akamvuta kwa ishara mpaka kwenye lundo, akachomoa shina moja, akampa alishike. "Angalia jani hii. Angalia! Hii ni ya kutupa?"

Nilisubiri waondoke kwa hasira. Badala yake mama wa Bukavu akapiga magoti, akachambua kwa haraka, akanusa, akavunja shina kusikiliza linavyolia.

"Haiko mbaya," akawaambia wenzake. "Iko bado na nguvu. Usiku ilikuwa baridi, haikuchoka sana. Leteni maji!"

Ndipo kazi ikaanza, na pamoja na kazi, ugomvi. Maana lundo lilikuwa limechanganya matuta yote, na kila mmoja alikuwa amelipia lake.

"Ile mirefu ni yangu! Yangu ilikuwa karibu na robine ya maji!"

"Weye, acha uongo. Yako ilikuwa huko kwa seng'enge, kwenye kivuli. Ilikuwa miembamba sawa na miguu yako."

"Miguu yangu ilikukosea nini?"

Hata yule mama mpole wa Bujumbura, ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti, alikumbatia rundo lake kifuani akasema, "Haya ni yangu. Nayajua. Nimeyasemesha kila Ijumaa," na hakuna aliyethubutu kubisha. Vitambaa vikafukuliwa kutoka kwenye takataka, vikagombaniwa, vikachomekwa mbele ya kila rundo. Mama wa Bukavu akawa ndiye hakimu: hili lako, hili langu, hili tugawane, wewe nyamaza. Ndoo za maji zikapita. Mizizi ikakatwa kwa mpigo mmoja, nyuzi zikafungwa, mafungu yakapangwa safu kwa safu nyuma ya pikapu. Hata yale mashina yaliyokomaa, niliyoyaacha kwa mbegu, walikung'uta vichwa vyake kwenye kitenge, majani machanga ya juu wakachukua.

Ofisa alikuwa bado ameshika shina lake. Akaniuliza, "Wanasema nini?"

Nikamtafsiria ugomvi wa robine na kivuli. Nikamweleza vitambaa: kila kitambaa tuta la mtu, limelipiwa kabla ya kuota.

"Wanakuja kila wiki?"

"Kila Ijumaa. Hata leo, na wanajeshi barabarani."

Kisha akatoa simu akaanza kupiga picha: lundo, vitambaa, mafungu, akina mama wakivutana. Mama wa Bukavu alipoona kamera alinyoosha kiuno akaweka fungu kichwani kama taji.

"Gogo," ofisa akasema, na safari hii alikuwa amekwenda kumshika Gogo kiwiko, korona au hakuna korona. "Kwetu Limpopo bibi yangu anakausha hizi juani, tunakula kipupwe chote. Lakini sijawahi kuona watu wakipigana kwa ajili yake. Unajua wiki nzima hii ninaona nini? Mashamba yamejaa kabichi zinaoza, mwenyewe analia, hana wa kumuuzia. Wewe ni wa kwanza niliyemkuta na wanunuzi wasio na kabichi."

Gogo akamtazama kupitia miwani yake. "Hiyo ni nzuri au mbaya?"

"Kabichi tunaweza kukusaidia. Wanunuzi serikali haina mahali pa kuwachota." Akaandika. Aliandika muda mrefu, nami nikajizuia nisichungulie. "Lakini nitarudi kabla sijafunga ripoti. Nikirudi, nikute kitu ardhini. Chochote kinachoota."

Gari jeupe lilipotoka getini, Gogo hakuingia ndani kupumzika. Alikwenda jikoni, akarudi amefunga aproni juu ya gauni la kanisani.

"Haya," akasema. "Si ardhi imelimwa tayari?"

Nilicheka mpaka nikalazimika kukaa chini. Ni kweli, ilikuwa imelimwa. Shemeji alikuwa ametulimia bila malipo. Udongo ulikuwa laini, umesawazishwa, hakuna mzizi wala jiwe. Mchicha usingeota tena na baridi inaingia, lakini akina mama walijua vinavyovumilia. Jumatatu wakaja bila mtu kuwaita, wakiwa na miche ya kabichi, vitunguu, na vikonyo vya sukuma wiki kutoka kwa Mkenya mmoja wa mtaani kwetu. Tukapasua vishina vya spinachi ya Gogo tukavipanda upya. Mama wa Bukavu akapanda akiimba, akagombana na kila mtu kuhusu nafasi kati ya mche na mche, na jioni vitambaa vyote vilikuwa vimesimama kwenye matuta mapya. Gogo aliomba kitambaa. Alikata pindo la kitambaa chake kipya cha kichwa akakifunga kwenye mti, tuta la kwanza kabisa, karibu na robine.

Ofisa alirudi kama alivyosema. Alitembea kati ya matuta, akagusa miche, akapiga picha, akaondoka bila ahadi. Tukasubiri. Siku zile za kusubiri shemeji alileta trela la lori akaliegesha ndani ya geti, kwa muda tu, alisema. Gogo alipita kando yake kila asubuhi na ndoo ya maji bila kuligeukia.

Ujumbe uliingia kwenye simu asubuhi moja Gogo akiwa anasuka mkeka wa kuziba dirisha la banda. Alinipa simu nisome kwa sauti. Nikasoma. Akaniambia nisome tena, polepole, kama naisoma kanisani. Nikasoma tena. Akaichukua simu, akaitia ndani ya gauni upande wa moyo, akapiga kigelegele kilichowatoa walinzi wa ghala nje.

Duka la pembejeo lilikuwa na foleni ndefu, watu wameachana kwa mistari ya chaki, wengi wao wazee kama yeye, kila mmoja na simu mkononi. Zamu yetu ilipofika Gogo alinyooka mbele ya kaunta. Alichukua vifaranga, chakula, mbegu za vitunguu, mpira wa maji. Kisha akasema, kwa sauti ya watu wote kusikia:

"Na mbegu ya imifino. Ile nyekundu kidogo, ya majani mapana."

Muuzaji alifikiri hajasikia vizuri. "Mama, mbegu hatuna. Ila tuna dawa ya kuiua." Akashusha chupa, na kweli, mbele ya chupa pamechorwa mchicha, mzuri, majani yamenyooka, mekundu kwenye mshipa.

Gogo aliitazama ile picha. Kisha akaichukua chupa, akaigeuza picha itazame ukutani.

"Irudishe juu," akamwambia. "Akina mama wangu wakiiona hiyo, mtafunga duka."

Foleni nzima ilicheka. Mzee mmoja nyuma yetu akauliza kwa nini, na Gogo akamweleza, akamweleza na aliyefuata, mikono hewani, kiganja cha mama wa Bukavu, ugomvi wa robine, yote. Nilikuwa nimebeba gunia begani na sikutaka kuliweka chini, nisije nikamkatiza. Nilimsikiliza mwanamke aliyekuwa akiwapitisha wageni upande wa spinachi akiwaelekeza wakulima wenzake jinsi ya kukata mchicha ili uchipue.

Tulirudi na pikapu ya kukodi, magunia nyuma, maboksi ya vifaranga miguuni mwetu, yanalia yote kwa pamoja. Ilikuwa kipupwe kweli sasa, upepo unakata. Getini gari likasimama. Trela la shemeji lilikuwa limeziba njia, na yeye mwenyewe amekaa juu ya chuma chake cha kuunganishia na lori, anavuta sigara.

"Tupishe," nikamwambia.

"Mwenye kichwa cha lori hayupo. Atakuja kesho. Shusheni mizigo hapa nje, mtaingiza kidogo kidogo."

Gogo akateremsha kioo. Hakushuka.

"Mimi sina haraka," akasema. "Nimekaa vizuri, gari lina joto. Ila hawa," akainua boksi moja mpaka dirishani, na kelele zikaongezeka, "hawa hawawezi baridi. Wakifa hapa getini, serikali itauliza nani aliwazuia. Nitawaambia jina lako na la baba yako."

Shemeji akatazama boksi. Akatazama matuta nyuma ya waya, kabichi zimeshaanza kufunga, vitambaa vinapepea. Akazima sigara. Akapiga simu moja, kisha nyingine, na haikupita muda mwenye kichwa cha lori akatokea, akanung'unika, akalifunga trela, akalivuta mpaka barabarani, nalo likaacha michirizi miwili kwenye kokoto chache ambazo shemeji alikwisha kuzimwaga getini.

Pikapu ikaingia. Nikaanza kushusha magunia. Nilipogeuka kuchukua maboksi, nilimkuta shemeji amekwisha kulibeba la kwanza. Alikuwa amefungua koti lake la udereva akalikumbatia boksi ndani, kidevu kinalikinga na upepo, anatembea polepole kama mtu aliyebeba supu. Akasimama mbele ya banda, nusu anaona aibu, nusu anasikiliza kelele zilizokuwa kifuani kwake.

"Naweka wapi?" akauliza.

"Ndani, karibu na jiko la makaa," Gogo akamjibu, tayari akielekea kwenye matuta. "Na ufunge mlango. Ukimaliza uje uchukue jembe, kuna upande mwingine bado haujalimwa."